Poda ya Jumamosi

Poda ilimwagwa Jumamosi asubuhi, na hakuna aliyengoja kuhakikisha. Mama Wivine, jirani wa upande wa kisima, alikuja mbio kutoka barabarani ameinua simu juu, na kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshaanza vigelegele.

"Mama Plamedie! Toka inje! Mutoto ametoka ku liste! Numéro dix-sept! Medesini!"

Immaculée alikuwa anapanga makayabo, wale samaki wa chumvi wanaopandishwa kutoka Kasenyi, ili ayapeleke sokoni. Aliyaacha kwenye beseni, akaishika simu ya jirani kwa mikono inayonuka samaki. Kwenye picha, aliyoipiga Mama Wivine mwenyewe chuo kikuu, aliona karatasi ukutani, majina kwa mistari, na kwenye kumi na saba jina la binti yake, kamili, hata la babu. Hakuhitaji kingine. Alikimbia chumbani akatoa kopo la poda ya watoto alilokuwa amelinunua mwezi wa sita na kulificha chini ya vitenge vyake, kwa imani tu.

Bunia, kama miji mingine yote ya nchi ile, mtu aliyefaulu hapewi mkono akaachwa hivi hivi. Anamwagiwa poda mpaka kope ziwe nyeupe, kisha anatembezwa ili asiyesikia aone. Plamedie alikuwa amechuchumaa na masufuria, ana miaka ishirini na nne na diploma ya uuguzi isiyompa usingizi. Aliposikia jina lake aliinua uso.

"Mama, ngoja nione..."

Poda ikamwingia mdomoni. Alikohoa, akacheka, akalia, yote kwa wakati mmoja, na watu walishajaa uani.

Baba yake, Mwalimu Josaphat, alitokea mlangoni na kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa anasahihisha madaftari ya darasa la sita. "Nani ameona ile liste na macho?" aliuliza. Mama Wivine alimwonyesha simu. Mwalimu alitafuta miwani, hakuiona, akasogeza simu mbali, akaona kumi na saba, akaona jina. Mwanamume huyu aliyegawa pointi kwa miaka ishirini na tisa bila kumwongezea mtu hata nusu alisimama pale akamwagiwa poda kwenye upara na mke wake mwenyewe, akaacha imwagike. Alikuwa na furaha, basi.

Kufikia mchana walikuwa wameletewa kuku watatu. Jumapili mchungaji alimwita Plamedie asimame kanisani, na akina mama wa kwaya wakaongeza ubeti kwa ajili yake. Mama Wivine alikuwa ameituma picha kwenye kikundi cha mtaa wao, Mudzipela, mtaa ukaituma kwa kwaya, kwaya ikaituma Irumu na Aveba na kila mahali penye mtu wa mtu. Simu ya Mama Wivine, kwa siku mbili, ilifanya kazi kuliko redio.

Jumatatu Plamedie alivaa gauni la buluu, akafunga nyaraka zake kwenye mfuko wa plastiki, akaenda chuo kikuu kujiandikisha.

Kwenye dirisha la ofisi ya wanafunzi alikaa bwana mmoja mwembamba anayeitwa Camille, mtu ambaye kila karatasi ya fakilte, yaani kitivo cha udaktari, lazima ipite mikononi mwake. Foleni ilikuwa ndefu, na walio nyuma walikuwa na masikio.

"Nakuja kujiandikisha medesini," Plamedie alisema. "Mimi ni dix-sept."

"Dix-sept ya liste gani?"

"Kuko liste ngapi?"

Camille aliinua macho. "Mbili. A, ya wenye bamepokelewa. B, ya wenye dosie yabo iko na shida. Weye iko ku gani?"

Plamedie alimpa simu. Camille alikuza picha kwa vidole viwili, akaishusha, akaipandisha, halafu akacheka, na kusema kweli hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyekwisha kuona hili mara nyingi.

"Mwenye alipiga hii foto alikata kichwa ya karatasi. Wenda kwa ukuta, usome kule juu."

Alikwenda. Kule juu, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, paliandikwa kwamba hiyo ni Orodha B, ya waombaji wenye asilimia chini ya sitini. Watajieleza mbele ya tume siku ya Alhamisi. Asiyeiridhisha ataondolewa. Kando yake, kwenye Orodha A, majina yalikuwa thelathini na mbili na lake halikuwemo.

Alirudi dirishani kwa sababu miguu haikujua pengine pa kwenda. Msichana mmoja kwenye foleni alimtazama nyuma ya sikio, mahali ambapo maji ya Jumapili hayakufika.

"Yaya, iko na poda kwa shingo," alimwambia kwa sauti ya chini, akimwita kama dada yake mkubwa. Alitaka kumsaidia. Lakini wengine walisikia, na mmoja akasema, "Aa, njo ule wa Mudzipela! Foto yake ilifika ata kwetu."

Plamedie alijifuta kwa kiganja. Laiti ardhi ya Bunia ingefunguka siku ile angeingia bila kuuliza kina.

"Dosie yako inasema cinquante-quatre pour cent," Camille alisema, akimwonyesha ile hamsini na nne kwenye karatasi, sasa kwa upole. "Alhamisi batakuuliza sababu. Iko na karatasi ya kujieleza?"

Plamedie alitoa kitabu chake cha staji, yaani mafunzo ya kazi, ambacho wao hukiita karne, daftari la jalada gumu ambamo mwanafunzi wa uuguzi huandika kila kazi aliyoifanya kituoni, na msimamizi hutia saini. Camille alifunua kurasa moja baada ya nyingine. Saini zilikuwepo, nzuri, za wino wa buluu, lakini muhuri hakuuona. Alifika mwisho akakifunga.

"Haina kashe. Ata moja. Mudogo yangu, mbele ya tume, karne bila kashe ni daftari ya mutoto wa première primaire, darasa ya kwanza."

Plamedie aliwaeleza wazazi wake wakiwa wamekaa wote watatu jikoni, mlango umefungwa mchana kweupe, jambo ambalo peke yake lingetosha kuwapa majirani wasiwasi.

Immaculée alifunika mdomo kwa kitenge. "Na kuku?"

"Mama, unawaza kuku?"

"Nawaza batu benye balileta kuku."

Josaphat hakupaza sauti. "Niliuliza nani ameona na macho. Niliuliza."

"Uliuliza, na poda ukapokea," mkewe alimjibu.

Maji yakimwagika hayazoleki, na poda ndiyo kabisa. Immaculée alitaka wanyamaze mpaka Alhamisi. Pengine Mungu angelihamisha jina kutoka orodha moja hadi nyingine. Josaphat alitaka aende mwenyewe nyumba kwa nyumba akaseme ukweli, na kuku warudi kwa wenyewe kabla hawajakonda. Walibishana kwa minong'ono, ambayo ni kazi ngumu kwa watu waliozoea kubishana kwa sauti. Mwishoni Plamedie alisema, "Tungoje Alhamisi. Kama nitaanguka, mimi njo nitaenda kusema. Haiko nyinyi."

Josaphat alikubali haraka kuliko kawaida yake, na sababu aliijua mwenyewe. Ile hamsini na nne ilikuwa na historia, na ndani ya historia hiyo alikuwemo.

Mwaka uliopita Plamedie alifanya staji yake kwenye kituo cha afya cha Aveba. Siku risasi ziliposikika karibu, watu walikimbia, na mkuu wa kituo, mkunga Kavira, akazika dawa na muhuri ndani ya debe la mafuta nyuma ya jiko ili visichukuliwe. Plamedie aliondoka na gari la mwisho. Kitabu kilikuwa na saini zote lakini muhuri ulikuwa chini ya udongo. Kisha barabara ikafungwa kwa miezi. Chuo cha uuguzi kikatazama kitabu kisicho na muhuri, kikaandika sifuri penye staji, na sifuri hiyo ikavuta wastani wake kutoka juu ya sitini mpaka hamsini na nne.

Plamedie alitaka kwenda kudai. Baba yake alimkataza. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa amewafukuza wazazi waliokuja kwake na mayai ndani ya kikapu kuombea watoto wao pointi, na hakutaka mtu wa Bunia aseme kuwa binti wa Josaphat naye anaomba. "Pointi ni pointi," alimwambia. "Zimekwisha kuandikwa." Kitabu chenyewe hakukifungua. Aliona sifuri, akaona aibu, akaishia hapo.

Jumanne ilikuwa ndefu. Mama Wivine alikuja na mjukuu wake anayekohoa. "Dokta, tuangalilie huyu," alisema, na Plamedie akamwekea mtoto sikio mgongoni, akamwambia waende kituoni, huku neno lile dokta likimchoma. Sokoni mteja mmoja alimwomba Immaculée ampunguzie makayabo, "kwani mama ya dokta iko na shida gani ya feza?" Alimpunguzia. Angefanya nini? Shuleni mkurugenzi alimtaka Josaphat azungumze na darasa la sita kuhusu bidii. Alizungumza, dakika mbili, akisoma ubao.

Jioni kuku mmoja kati ya wale watatu alitaga chini ya beseni. Immaculée alilishika yai likiwa bado la moto.

"Hii yai ni ya nani?" aliuliza.

Hakuna aliyejua. Waliliweka juu ya kabati, likakaa pale likiwaangalia.

Usiku ule ule Josaphat hakuwasha redio. Alichukua kitabu cha staji kutoka mezani, akavaa miwani, akakisoma kama anavyosoma madaftari, mstari kwa mstari, na kalamu mkononi bila kuandika. Uzazi wa kwanza, saini. Wa pili, saini. Wa tisa, mapacha. Wa thelathini na moja, mtoto aliyetanguliza matako. Arobaini na tatu kwa jumla, kurasa kumi na moja. Tarehe nyingine zilifuatana usiku kwa usiku. Alijiuliza binti yake alilala lini huko. Alifunga kitabu akakaa nacho magotini, na uchungu alioupata hakuwahi kuupata kwa daftari la mtoto yeyote.

Jumatano mchana pikipiki ilisimama mbele ya nyumba. Mwanamke mnene mwenye koti la mvua na vumbi mpaka kwenye nyusi alishuka, kuku chini ya kwapa, mfuko wa maharagwe kichwani, akaanza kuimba kabla hajamlipa mwenye pikipiki.

"Iko wapi? Iko wapi mutoto yangu wa Aveba? Foto ilifika kwetu, tulicheza mpaka bagonjwa bakaamuka!"

Alikuwa Kavira.

Plamedie alitoka ndani, akamwona, na zile siku tatu alizokuwa ameshikilia uso zikamwishia. Alimkumbatia mkunga pamoja na kuku wake, akalia kwenye koti la mvua. "Mama Kavira, haiko kweli. Sikupita. Liste ilikuwa ya benye bataulizwa. Ni foto njo ilikata kichwa."

Immaculée alitazama kushoto na kulia kama kuna aliyesikia. Mama Wivine, aliyekuwa kisimani, alikuwa amesikia yote. Ndoo yake ilifurika na hakuiondoa.

"Batakuuliza nini?" Kavira alisema.

"Juu ya nini nilipata cinquante-quatre. Juu ya staji. Karne haina kashe."

Kavira alimkabidhi Josaphat kuku, kama vile mwalimu ndiye mtumishi wa nyumba. Akafungua pindo la kitenge kiunoni, fundo la kwanza, fundo la pili. Ndani, kwenye kipande cha nailoni, kulikuwa na muhuri wa mbao, mpini wake umeingia weusi wa udongo.

"Tangu siku nilifukua hii kitu, haitokake kwa mwili yangu," alisema. "Nikiiacha kule, nitarudi nikute kijiji yote iko na repos médical, karatasi ya kupumzika kazi. Leta karne."

Immaculée alipiga vigelegele viwili, akakumbuka, akajiziba mdomo.

Lakini muhuri bila wino ni mbao. Sponji ya wino ya Kavira ilikuwa Aveba. Josaphat aliingia chumbani bila kuambiwa, akatoka na sponji yake ya zambarau, ile anayoitumia kwenye bulletini, zile ripoti za pointi za wanafunzi, akaifungua mezani. Kavira alivuta kiti, akaupuliza muhuri, akaugonga kwenye ukurasa wa kwanza. Ulitoka mzuri, mviringo wote, jina la kituo lasomeka.

"Sasa date," Kavira alisema, na kuchukua kalamu.

"Andika date ya zamani," Immaculée alisema haraka. "Ya ile mwaka. Nani atajua?"

Kila mtu alimtazama Josaphat, kwa sababu maisha yote yeye ndiye aliyejibu maswali ya namna ile, na alijibu kabla hayajamaliza kuulizwa. Safari hii alichelewa. Alitazama ukurasa, akamtazama binti yake, na nawaambia kweli, mdomo wake ulikuwa tayari kusema andika.

"Apana," Plamedie alisema. "Mama Kavira, andika ya leo. Niliishi na uongo ya foto siku nne. Siwezi kubeba ya pili mbele ya tume."

"Na bakikataa?" Immaculée aliuliza.

"Bakatae kitu ya kweli."

Kavira hakusubiri zaidi. Chini ya kila muhuri aliandika tarehe ya siku ile na maneno, "Saini ya wakati ule, muhuri wa leo." Mara kumi na moja. Josaphat alikuwa akimgeuzia kurasa na kupuliza wino ukauke. Kwenye ukurasa wa saba alisema, bila kumwangalia Plamedie, "Mwaka jana ulitaka kwenda kudai. Mimi njo nilikukataza. Nilifanya mubaya, mama."

Kumwita binti "mama" ni heshima ya kawaida kule, lakini Josaphat alikuwa hajamwita hivyo tangu ile sifuri. Plamedie alijibu, "Ndiyo, Baba," na kurasa zikaendelea.

Mama Wivine alikuja jioni bila kubisha hodi. Alisimama katikati ya nyumba na simu yake mkononi, imezimwa. "Nisamehe," alisema. "Jua ilikuwa kali, sikuona juu." Immaculée alikuwa ameandaa maneno makali tangu Jumatatu. Alimtazama jirani yake kwa miaka kumi na sita, akampa kiti na bakuli la maharagwe. Maneno yakabaki kwa siku nyingine.

Alhamisi tume ilikuwa ya watu watatu nyuma ya meza ndefu. Aliyeuliza alikuwa katikati, Profesa Régine, daktari wa akina mama, nywele fupi zenye mvi, sauti isiyopanda wala kushuka. Waliomtangulia Plamedie walitoka baada ya dakika tano tano. Mmoja alitoka analia.

"Cinquante-quatre," Profesa alisema. "Unataka tukuchukue na cinquante-quatre. Sababu?"

"Staji ilipewa zéro, Profesa. Karne haikukuwa na kashe. Kazi ilifanyika."

Profesa alifungua kitabu. Aligusa muhuri wa kwanza kwa kidole, akatazama kidole chake. Kilikuwa na zambarau.

"Hii kashe ni ya jana."

"Ndiyo, Profesa. Date iko pale."

"Karne ya mwaka jana, kashe ya jana." Alimgeukia mwenzake wa kulia, ambaye alikuwa ameshaweka kalamu chini, tayari kwa jina linalofuata, kisha akamrudia Plamedie. "Unajua tunapokea bangapi hivi? Kashe inauzwa kwa barabara, mama."

"Mwenye kashe iko inje," Plamedie alisema. "Amekaa kwa ngazi. Alitoka Aveba na pikipiki. Mumuite, mumuulize."

Wakamwita. Kavira aliingia na koti lake la mvua, akakataa kiti. Profesa alimwuliza kwa nini hakugonga muhuri wakati wake.

"Ilikuwa mu udongo, Profesa. Mimi pia nilikuwa karibu kuingia mu udongo."

Mwenzake wa kushoto alikohoa ili asicheke. Profesa Régine hakucheka. Alifunua mpaka ukurasa wa nane, akaweka kidole kwenye mstari wa thelathini na moja.

"Numéro trente et un. Siège. Mtoto anakuja na matako. Nani alizalisha?"

"Yeye," Kavira alisema. "Mimi nilikuwa kwa kitanda ya pili, mama mwengine alikuwa anatoka damu. Nilimupigia kelele, nikamwambia, shika, siwezi kuacha huku."

Profesa alimtazama Plamedie kwa mara ya kwanza kama anamtazama mtu. "Ulifanya nini?"

Plamedie hakuhitaji kufikiri. Chumba kile kiliondoka, akarudi kwenye kitanda cha Aveba, taa ya simu imeshikwa na mume wa mama yule.

"Sikuvuta, Profesa. Nilitamani sana kuvuta. Matako ilikuwa inje na miguu ikashuka, mama ya mutoto akaanza kulia nivute. Niliweka mikono nyuma. Nilifunga mutoto na kitambaa, nikaacha ashuke na nguvu ya mama yake, mpaka niliona nywele za kisogo. Hapo njo nilimuinua pole pole, uso ukatoka."

"Alilia?"

"Baada ya dakika moja. Ile dakika ilikuwa murefu."

"Na mama?"

"Iko muzima. Alimuita mutoto Emery, jina ya baba yake."

Profesa Régine aliwaambia wenzake, si Plamedie, "Kila mwaka batu ya mwaka wa sita ya medesini bananivutia batoto ya siège." Alifunga kitabu, akaandika kitu kifupi kwenye karatasi yake, akakifunika kwa mkono. "Liste itatoka Jumatatu. Muende."

Nje, kwenye ngazi, Kavira alimwuliza, "Amekubali?"

"Sijue, Mama Kavira."

"Mimi pia sijue. Lakini alifunga karne na mikono mbili." Akafunga muhuri wake kwenye pindo, fundo la kwanza, fundo la pili, na Ijumaa asubuhi akarudi Aveba.

Jumatatu Josaphat aliomba ruhusa shuleni, akavaa koti lake la harusi za watu, akaangalia mara mbili kama miwani iko mfukoni. Hakutaka Plamedie aende. "Mimi njo nitaona na macho," alisema. Mama Wivine alimfuata hatua kumi nyuma, kwa hiari yake, kama mtu anayelipa adhabu.

Camille alitoka na gundi, akabandika karatasi moja. Watu wakajazana, vidole vikikimbilia majina. Josaphat alisimama katikati ya msukumano akaanza juu kabisa. Alisoma jina la chuo. Alisoma jina la fakilte. Alisoma maneno yaliyopigiwa mstari: Waombaji wa Orodha B waliopokelewa mwaka wa kwanza wa medesini. Alisoma tarehe. Alishuka chini, akatazama saini, akatazama muhuri. Walikuwa sita tu, kati ya arobaini. Ndipo alipojiruhusu kusoma majina, na wa nne alikuwa wake.

Alivua miwani, akaifuta, akasoma tena toka juu.

"Mwalimu?" Mama Wivine aliuliza nyuma yake.

"Piga foto," Josaphat alisema. "Lakini yote."

Mama Wivine alirudi nyuma hatua moja, akatazama, akarudi nyingine. Aliendelea kurudi mpaka picha ikachukua karatasi nzima, ukuta, nusu ya dirisha na kichwa cha Camille.

Nyumbani Immaculée alikuwa amesimama mlangoni tangu waondoke. Alimwona mume wake akija, akamwona Mama Wivine nyuma, na hakupiga vigelegele. Alinyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Simama hapo. Juu yake kumeandikwa nini?"

Josaphat alimsomea kwa kichwa, neno kwa neno, katikati ya barabara.

"Na kashe?"

"Iko."

"Uliona na macho yako?"

"Na macho yangu, na miwani."

Hapo Immaculée aliketi chini kwenye kizingiti na kulia kwa sauti, kwa sababu ya kuku, kwa sababu ya yai, kwa sababu ya wiki nzima ya kutabasamu sokoni. Majirani walitoka. Safari hii walikuja polepole, mmoja akauliza mwingine, "Ni ya kweli?" na Mama Wivine akawaonyesha simu, akianza na sehemu ya juu.

Kopo la poda lilikuwa tupu. Immaculée alilitikisa, akalipiga kwenye kiganja, halikutoa kitu, na duka la karibu lilikuwa na sabuni tu. Josaphat aliingia jikoni. Alitoka viganja vyote viwili vimejaa unga wa muhogo, ule wa bukari, ugali wa mchana, ukimdondokea kwenye koti la harusi.

Plamedie alikuwa amesimama uani hajui aweke mikono wapi. "Baba," alisema, "ngoja nione foto..."

Mwalimu aliganda, viganja juu ya kichwa cha binti yake. "Ni haki yako," alisema. "Mama Wivine, muonyeshe."

Mama Wivine alimshikia simu mbele ya uso. Plamedie alisoma kuanzia juu, bila haraka, midomo ikicheza, na uani pote watu walingoja kama wako kanisani. Alifika kwenye wa nne. Alifika kwenye muhuri.

"Umeona?" Josaphat aliuliza.

"Nimeona, Baba."

"Basi funga mudomo."

Akaufunga, na macho pia, na baba yake akamwaga.